Uyoga Wetu Haulindwi kwa Marufuku

Ukitaja jeni Mtwara, iwe kwenye kikao cha ushirika wa wakulima (AMCOS) huko Tandahimba au barazani Mikindani watu wakitoka msikitini, jibu litakufikia kabla hujamaliza: hatutaki mambo ya GMO hapa. Ukiongeza kwamba unazungumzia uyoga, tena uyoga wa dawa, ndipo unapoharibu kabisa. Uyoga ni mali ya mvua. Hakuna aliyeupanda wala aliyeupalilia. Mungu huuotesha kwenye kichuguu na kwenye gogo bovu, na bibi zetu wameutumia kwa chakula na kwa tiba bila kumwomba ruhusa mtu wa maabara. Kugusa vinasaba vyake, wanasema, ni kuunajisi, na mwisho wake tutauziwa na wageni kilichokuwa bure msituni.

Msimamo huu si wa vijijini peke yake. Umepanda hadi wizarani. Oktoba 2016 nchi yetu ilianza jaribio la mahindi yaliyobadilishwa jeni ili yastahimili ukame, katika kituo cha Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yote ya GMO yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati ule, Profesa Adolf Mkenda, akalitilia jambo hilo mkazo tena. Amri zile zililenga mazao ya shambani, lakini kivuli chake kimetanda kila penye neno jeni. Kijana anayesomea baiolojia anajifunza mapema kwamba njia hiyo haina fedha ya utafiti, haina ajira, na haina wa kumtetea.

Napinga msimamo huo, na naupinga hasa pale unapogusa kuvu za dawa. Mahindi ya Makutupora yana mjadala wake, nawaachia wenyewe. Ninachosema ni hiki: kukuza kuvu ndani ya tangi lililofungwa, jeni zake zikiwa zimerekebishwa ili itoe kiambata hai kingi zaidi, ni kazi ambayo nchi hii inaweza kuifanya, inapaswa kuifanya, na Mtwara ina sababu nyingi kuliko mikoa mingi za kudai ifanyike hapa. Na wanaodhani kwamba kwa kukataa wanatulinda, wanatuacha wazi kuliko tulivyokuwa.

Nianze na hoja ya kwanza, ile ya kwamba cha asili ni salama na kilichoguswa na mtu ni sumu. Sijui mkoa gani wa Tanzania una haki ndogo ya kuamini hilo kuliko huu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 tulivuna tani 16,500 hivi. Vijiji vya ujamaa viliwahamisha watu wakaacha mikorosho yao, bei nayo ilikuwa mbaya, lakini aliyemaliza kazi ni ubwiriunga: kuvu ya unga mweupe inayokaa juu ya maua na majani machanga, ua likakauka kabla halijafunga tunda. Ubwiriunga haukutengenezwa maabara. Ni wa asili kabisa. Aliyetuokoa alikuwa mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele na mfuko wa salfa, na hadi leo mkulima wa Newala huamka alfajiri, upepo ukiwa umetulia, kupuliza unga ule wa njano ili apate cha kupeleka ghalani. Mtu wa Mtwara anayesema kwamba asili haidhuru amesahau njaa ya wazazi wake.

Katika ukoo huohuo wa kuvu ndimo zilimotoka dawa ambazo tusingeishi bila hizo. Penisilini kila mtu anaijua. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, daktari wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichota maji ya bahari karibu na bomba la majitaka la mji wake, akapata humo kuvu iliyoua vijidudu. Kutokana na kuvu ile likazaliwa kundi zima la dawa, mojawapo ikiwa seftriaksoni, sindano ambayo wauguzi wetu wameizoea kama maji ya kunawa. Dawa za kushusha mafuta ya damu zilianzia kwenye kuvu aliyoichunguza Mjapani Akira Endo miaka ya 1970. Siklosporini, inayozuia mwili kukataa figo ya kupandikizwa, ilitoka kwenye kuvu ya udongo wa Norway. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyomfikia mgonjwa kwa mtu kutafuna ukungu. Zote zilipitia mikono ya watu waliotenga kiambata, wakakipima, wakaikuza kuvu kwenye matangi, na wakaibadilisha.

Ndiyo, wakaibadilisha. Kuvu ya kwanza ya penisilini ilitoa kidogo mno. Mwaka 1943 huko Peoria, Marekani, ilipatikana kuvu nyingine bora kwenye tikiti bovu la sokoni. Watafiti wakaipiga kwa eksirei na kwa mwanga wa urujuani ili jeni zake zivurugike, wakachagua watoto waliotoa dawa nyingi zaidi, wakarudia tena na tena. Hawakujua ni jeni gani wameivuruga, walitazama matokeo tu. Penisilini tuliyopigwa utotoni, sisi na watoto wetu, imetoka kwenye kizazi hicho kilichovurugwa vinasaba kwa mionzi. Mbona hilo halina mpinzani? Anayerekebisha jeni moja anayoijua kwa jina na mahali ilipo anafanya kazi ile ile kwa uangalifu mkubwa zaidi, naye ndiye anayeitwa mchawi.

Tuje kwenye uyoga wenyewe. Uyoga wa dawa unaosifiwa kuliko wote duniani ni Ganoderma. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi. Jamaa zake humea pwani hii pia, kwenye mashina ya miembe mizee na minazi iliyochoka. Ni kitu kigumu kama ubao, kimetokeza kwenye shina kama kibao cha rafu, mgongo wake kahawia unang'aa kana kwamba umepakwa vanishi, ukingo wake mweupe unapokua. Chini yake majani yamefunikwa na vumbi la rangi ya kakao. Hizo ndizo mbegu zake, mamilioni kwa mamilioni. Ukivunja kipande ukatafuna, uchungu hukaa mdomoni muda mrefu. Uchungu ule unatokana na kundi la viambata ambamo zimo asidi za ganoderiki, na ndizo hasa zinazowashughulisha watafiti wa dawa.

Sasa tazama unachouziwa. Sokoni na madukani utaupata kama unga ndani ya pakiti, au umechanganywa na kahawa. Nimesoma vibandiko vya pakiti hizo zaidi ya kimoja. Magonjwa yameorodheshwa upande mzima: kisukari, presha, uvimbe, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Upande wa pili maelekezo: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kijiko kimoja cha nini? Hakuna mahali palipoandikwa mna miligramu ngapi za kiambata chochote. Na haiwezi kuandikwa, kwa sababu muuzaji hajui. Uyoga uliomea kwenye mwembe hautoi sawa na uliomea kwenye mnazi. Mchanga si sawa na mkongwe. Kofia si sawa na kikonyo. Aina hii na ile, zinazofanana machoni, zinaweza kuwa mbali kabisa kwa kilichomo.

Na ushahidi kwamba unatibu? Jopo la Cochrane, linalokusanya na kupima majaribio ya tiba duniani, lilipotazama Ganoderma na saratani lilipata majaribio 5 tu ya kuaminika kiasi, yenye wagonjwa 373 kwa ujumla. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuutumia kama tiba ya kwanza ya saratani, ingawa huenda ukasaidia ukiambatanishwa na tiba za hospitali. Nalisema hili ili pasiwe na mtu wa kunisingizia kwamba nimekuja kuuza miujiza. Mwaka 2011 tuliona taifa zima likipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wako walioacha dawa zao za hospitali. Tatizo la kikombe kile ndilo la pakiti ile: hapakuwa na aliyejua mgonjwa amekunywa kiasi gani cha nini. Bila kujua kiasi, hata jaribio la haki huwezi kulifanya, maana hujui unajaribu nini.

Hapo ndipo uhandisi wa jeni unapoingia, na wanaoupinga hawajawahi kunipa njia nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa China walichapisha ramani nzima ya vinasaba vya Ganoderma: herufi zipatazo milioni 43, jeni zaidi ya 16,000. Wenzao wakachukua jeni ya kimeng'enya kinachosukuma hatua za mwanzo za kutengeneza asidi za ganoderiki, wakaiongezea nguvu ndani ya uyoga huohuo. Kiasi cha asidi kikapanda takribani mara mbili. Wengine wamehamishia jeni za Ganoderma kwenye hamira, ili hamira yenyewe itoe viambata hivyo. Faida yake inazidi wingi. Anayekuza kuvu moja inayojulikana, ndani ya tangi moja, kwa joto na chakula kilekile, anapata kitu kinachoweza kupimwa leo na kesho kikawa kilekile. Dawa huanzia hapo.

Au chukua mfano mwepesi zaidi. Yinong Yang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alitumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR kwenye uyoga mweupe wa kawaida wa sokoni, akafuta herufi chache katika jeni moja ili usigeuke rangi upesi. Hakuingiza jeni ya kiumbe kingine. Aprili 2016 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikasema uyoga huo hauhitaji kupita kwenye udhibiti wake wa GMO. Unaweza kubishana na uamuzi wao, na mimi sisemi Tanzania iunakili. Lakini mtu anayeweka kufuta herufi chache na kupandikiza jeni ya bakteria ndani ya mahindi kwenye fungu moja, akaliita lote sumu, hajajisumbua kujua anachokipinga.

Niende sasa kwenye jambo ambalo wapinzani wangu hawapendi kulizungumza, nalo limo ndani ya nyumba zao. Mgonjwa wa kisukari anayechukua insulini Hospitali ya Ligula anajidunga kilichotengenezwa kwa uhandisi wa jeni. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya kwanza iliyotolewa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na baadaye zikaja zinazotolewa na hamira. Kabla ya hapo insulini ilitoka wapi? Kwenye kongosho la ng'ombe na la nguruwe lililokusanywa machinjioni. Namuuliza shehe yeyote wa pwani hii anayehubiri dhidi ya jeni: wagonjwa wa Mikindani warudi huko?

Chanjo ya homa ya ini B wanayopata watoto wetu ndani ya sindano ya pamoja hutolewa na hamira iliyopandikizwa jeni ya kirusi. Hamira ni kuvu, ukoo mmoja na uyoga. Aprili 2018 serikali yetu ilizindua nchi nzima chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, nayo pia imetengenezwa kwa hamira iliyobadilishwa jeni. Ilikuwa chanjo njema, naiunga mkono kwa moyo wote; wanawake wa nchi hii wamekufa sana kwa saratani hiyo. Miezi saba baadaye, Novemba ileile ya 2018, serikali hiyohiyo ikaamuru majaribio ya GMO yateketezwe. Basi kuvu iliyobadilishwa jeni ni halali ikitengenezwa Marekani au India na kuletwa kwa ndege, lakini ni haramu ikikuzwa na Mtanzania, Tanzania. Sheria ya aina hiyo hailindi afya ya mtu. Inalinda soko la wanaotuuzia.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na naijibu kwa kuikubali. Wanasema kiumbe kikishatoka hakirudi. Kwa kuvu ni kweli zaidi kuliko kwa mahindi: chavua ya mahindi huanguka karibu, vumbi la Ganoderma husafiri na upepo wa kusi hadi usikokujua. Kwa sababu hiyo sitaki uyoga wa dawa uliobadilishwa jeni ukuzwe kwenye mabanda ya nyasi, kwenye mifuko ya pumba, wala popote unapoweza kutoa kofia na kumwaga mbegu. Ukae ndani ya tangi katika hali ya nyuzi tu, maana nyuzi hazimwagi vumbi. Kazi ikiisha kila kilichomo kichemshwe kwa mvuke wa shinikizo hadi kife, ndipo kiambata kitolewe. Kanuni zetu za usalama wa bioteknolojia za 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zinatambua matumizi ya ndani ya maabara kama jambo tofauti na kuachia kiumbe shambani. Tofauti hiyo ipo kwenye karatasi. Ilifutwa na hofu.

Na asiniambie mtu kwamba Watanzania hatuwezi kufungia kiumbe. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara, ikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo cha Imperial cha London, imetengeneza mbu waliobadilishwa jeni ili kuzuia vimelea vya malaria, ndani ya maabara iliyofungwa, kwa mikono ya wanasayansi wa hapa. Mbu ana mabawa. Kama mbu anazuilika Bagamoyo, nyuzi za kuvu zitashindikana vipi Naliendele?

Hoja kubwa kuliko zote, inayowaunganisha wasomi na wasiosoma, ni ya unyang'anyi. Mtwara ina kidonda. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipotangazwa, watu waliandamana, na Januari na Mei 2013 majengo yalichomwa, watu wakafa. Korosho zetu nazo, sehemu kubwa bado zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwe na kuajiri watu huko. Kwa hiyo ukisema unataka kusoma jeni za kuvu za hapa, mtu wa Msimbati, anayeishi jirani na gesi hiyo, anasikia bomba la pili linakuja. Namwelewa kabisa. Lakini dawa aliyoichagua haitibu ugonjwa wake.

Tazama Kenya. Mwaka 1992 vijidudu vilichukuliwa kwenye chemchemi na maji ya magadi ya Ziwa Bogoria. Vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaja kuuzwa na kampuni ya Genencor kwa ajili ya sabuni na kupausha jinzi. Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani mwaka 2004 kwamba hakukuwa na makubaliano ya kugawana manufaa. Miaka mitatu baadaye lilisaini mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark. Chukua pia dawa ya kisukari akabosi, inayouzwa na Bayer kwa jina la Glucobay: bakteria anayeitengeneza ameripotiwa kutoka ziwa la Ruiru, nje kidogo ya Nairobi. Katika visa hivi viwili hakuna aliyehitaji kupanda GMO kwenye ardhi ya Kenya. Kilichohitajika ni kichupa kidogo cha maji na udongo. Marufuku ya jeni, hata ingekuwa kali namna gani, isingemzuia aliyebeba kichupa.

Ndivyo ilivyo hapa. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 za matumbawe, majani ya bahari na mikoko. Kuvu zinazoishi kwenye mizizi na magome ya mikoko, mahali penye chumvi, tope na maji yanayopanda na kushuka, hutengeneza kemikali ambazo kuvu za nchi kavu hazina haja nazo, na watafiti wa dawa katika Asia wameshazichimba sana kwenye mikoko yao. Kuvu iliyoko kwenye mkoko wa upande wetu wa Ruvuma iko pia upande wa Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2017 ilianza jaribio lake la mahindi ya GMO huko Chókwè. Kuvu haijui mpaka, na mto hauzuii vumbi lake. Tukikaa tumefunga macho upande huu, atakayeitaka ataipata ng'ambo.

Baya zaidi, siku hizi hata kichupa hakihitajiki. Vinasaba vikishasomwa na kuwekwa kwenye kanzidata za kimataifa, mtu aliye Basel au Shanghai anaweza kuiandika upya jeni hiyo kwa kemikali na kuiweka kwenye hamira yake bila kukanyaga Mtwara. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ya kugawana manufaa ya vinasaba, ilitungwa kwa ajili ya sampuli zinazoshikika, na imepata tabu kubwa na taarifa zinazosafiri kwa intaneti. Ndiyo maana mataifa yaliunda Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, ambao kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa hizo zinatakiwa kuuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Kuchangia ni hiari. Hapo hatuna cha kushika isipokuwa tuwe sisi wenyewe tumekusanya kuvu zetu, tumezisajili kwa tarehe na mahali, tumezisoma, na tunajua kila moja inatoa nini. Asiyejua alicho nacho hana namna ya kuthibitisha kwamba ameibiwa.

Limebaki swali la mkulima. Kina mama wanaokuza uyoga mamama kwenye mabanda, wanaojaza mifuko ya pumba na majani makavu ya migomba na kuinyunyizia maji kutwa mara mbili, wanauliza: tangi likija, sisi tutauza nini? Swali hilo linastahili jibu la kweli. Uyoga mamama ni chakula. Tangi la kuchachushia viambata halitoi kitoweo, na atakayetaka mboga ataendelea kwenda kwao. Mwenye sababu ya kuogopa ni atakayetaka kulima uyoga wa dawa kwa ajili ya kiwanda, na kwake kuna somo la artemisini, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea wa pakanga. Wakulima wa Kenya, Uganda na Arusha waliukimbilia mmea huo katikati ya miaka ya 2000. Bei ya artemisini ilivuka dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005, na kufikia 2007 ilikuwa imeporomoka hadi kama dola 200. Wengi waliumia. Nani aliwaumiza? Hamira iliyobadilishwa jeni haikuwa sokoni bado. Wakulima wa dunia nzima walikuwa wamepanda kupita mahitaji. Hamira ilipokuja, kiwanda cha Sanofi huko Garessio, Italia, kilianza kazi mwaka 2013, kikakuta gharama yake ni dola 350 hadi 400 kwa kilo huku artemisini ya shambani ikiuzwa chini ya 250. Mwaka 2015 hakikuzalisha hata kilo moja.

Kisa kile hakinifurahishi kwa upande wowote. Kinachoonekana ni kwamba aliyemtupa mkulima ni soko lisilo na mkataba, na kwamba uhandisi wa jeni hauna ushindi wa moja kwa moja. Unashinda pale tu ambapo kitu ni haba, kinachelewa kukua na hakilingani ubora. Asidi za ganoderiki ziko hivyo. Uyoga mamama hauko hivyo. Serikali inayojali wakulima ingepima jambo moja moja kwa namna hiyo, badala ya kufungia yote kwa neno moja.

Wengine hunijibu kwamba wataalamu hatuna. Wapo. Profesa Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuandika juu ya uyoga wa Tanzania na jinsi jamii zetu zinavyoutambua na kuutumia. Mwaka 2003 Leonard Mwasumbi, pamoja na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, walichapisha kitabu kizima cha uyoga wa nchi hii. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili. Mikocheni kuna maabara ya vinasaba vya mimea. Na Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, kuna watu ambao wamepigana na ubwiriunga na mnyauko wa mikorosho maisha yao yote ya kazi. Hakuna mahali nchini penye watu walioishi karibu na kuvu kuliko hapo. Wanajua kuitenga kuvu kwenye sahani ya maabara, kuilisha, kuitambua kwa jina. Wamefundishwa kuiua. Kuikuza kwa faida kunahitaji maarifa yaleyale, na fedha kidogo, na kibali.

Nawaomba basi madiwani wa halmashauri za Mtwara na wabunge wetu. Acheni kuuliza kama mtu amegusa jeni. Waulizeni Wizara ya Kilimo na Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa barua, ni kifungu gani kinachomzuia mtafiti wa Naliendele kukuza kuvu iliyorekebishwa jeni ndani ya tangi lililofungwa, na mdai jibu lililoandikwa. Ombeni mkusanyo wa kuvu za mikoko na za misitu ya Mtwara uanzishwe hapa na utunzwe hapa, kila kuvu ikiandikwa kijiji ilikotoka, na mkataba wa mgao wa kijiji hicho usainiwe kabla sampuli haijaondoka. Mamlaka ya dawa nayo idaiwe kwamba kila pakiti ya uyoga wa tiba, iwe ya asili au ya maabara, ionyeshe miligramu za kiambata kilichomo, au itolewe dukani. Fanyeni hivyo kabla ya bajeti ijayo, maana wenzetu wa ng'ambo hawatusubiri.